Wasomaji Walipompenda Jambazi Wangu Kupita Kiasi

Ukiandika riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni jambazi mwenye mvuto, utapokea maoni ya aina mbili yasiyopatana hata kidogo. Wapo watakaompenda mpaka wakuulize kwa nini umemuua. Wapo watakaokurudishia muswada kabla ya kufika nusu na kukuambia, kwa upole au kwa ukali, kwamba unawasifia wezi. Mimi nimeyapokea yote, kwa kitabu hicho hicho, na kuna siku yaliingia kwa zamu, asubuhi pongezi, jioni lawama. Naandika kwa ajili ya yeyote anayekaribia kugawa muswada wa namna hii. Miongozo mingi ya uandishi inafundisha namna ya kumjenga mhalifu anayevutia. Namna ya kukaa na wasomaji baada ya mvuto huo kuwaingia haifundishwi sana.

Kitabu chenyewe kinamhusu mkuu wa genge anayeitwa Sultani. Ni jina la utani. La kuzaliwa linatajwa mara moja tu, na mama yake. Ni mtu wa suti iliyonyooka, sauti ya chini, na kumbukumbu ya ajabu ya majina ya watoto wa watu. Anaiba fedha za mishahara, anagawa sehemu ya alichoiba, na hapandishi sauti hata akiwa na bunduki mkononi. Nilimjenga hivyo kwa makusudi. Sikutaka jambazi wa katuni, mwenye kovu shavuni na kicheko cha kutisha. Majambazi waliobaki midomoni mwa watu walikuwa na haiba kweli. Al Capone alifungua jiko la kugawa supu kwa wasio na kazi pale Chicago mwaka 1930, uchumi ulipokuwa umeporomoka. Pablo Escobar, mkuu wa genge la dawa za kulevya la Kolombia, aliwajengea maskini nyumba katika mji wa Medellín, na alipouawa Desemba 2, 1993 umati mkubwa ulimiminika kumzika. Mwandishi anayejifanya kwamba watu hawa hawakuwa na mvuto anawadanganya wasomaji wake, na wasomaji wenyewe wanajua.

Kwa hiyo nilipogawa muswada, hofu yangu ilikuwa moja tu: watampenda au hawatampenda?

Walimpenda. Kijana mmoja alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane, anacheka peke yake, ananisimulia sura niliyoiandika mimi mwenyewe kana kwamba sijaisoma. Baada ya muda akaanza kunisalimia kwa kauli ya Sultani, ile anayoitoa kila kabla ya tukio: "Hatuna haraka, sisi si wezi wa kuku." Msomaji mwingine, mama mtu mzima kabisa, akaniambia angekuwa na binti wa kuozesha asingesita sana. Sitadanganya, kichwa kilivimba. Ujumbe ule niliusikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili kusema hadharani. Kama unaandika, utazijua siku hizo zikifika, na ushauri wangu ni kwamba usihariri chochote ukiwa ndani yake. Utaongeza vibwagizo vya mhusika wako kila ukurasa kwa sababu tu vimepigiwa makofi.

Kabla sijafika kwa waliokuwa na maoni tofauti, niseme neno kuhusu karatasi, kwa sababu lilibadilisha kila kitu. Baadhi ya wasomaji niliwatumia faili wakasomea kwenye simu. Wengine niliwachapishia. Kuchapisha na kufunga nakala kulinigharimu kuliko nilivyotenga, na nusura niache. Lakini waliosoma kwenye simu walinipa hukumu ya jumla: kitamu, kirefu, Sultani noma. Waliopata karatasi walinipa mahali. Ukurasa huu, mstari huu, hapa nimesinzia, hapa sielewi nani anaongea. Kama mfuko unaruhusu hata nakala chache, chapisha. Acha pambizo pana, nafasi kubwa kati ya mistari, na uweke penseli ndani ya bahasha. Msomaji akiikuta penseli anajua ana ruhusa ya kuchafua.

Aliyeitumia penseli vizuri kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu. Nilimpa kwa sababu ya lugha, anisahihishie ngeli na nukta. Alizisahihisha. Lakini kwenye sura ya pili kuna tukio ambalo kila mtu alilisifia. Genge linaingia usiku kwenye ofisi ya malipo. Mlinzi wa zamu, mzee fulani hivi, anafungwa kwenye kiti kwa kamba ya nailoni. Sultani anamfunga mwenyewe, anamwomba radhi kwa usumbufu, anamuuliza hali ya wajukuu kwa majina. Kabla ya kutoka anamwekea sigara mdomoni na kuiwasha. Wanaondoka. Tukio linaisha kwa mlinzi kuvuta moshi na kusema, "Angalau huyu kalelewa." Watu walicheka hapo. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoiandika.

Pembeni ya mstari ule mwalimu aliandika kwa herufi ndogo zilizonyooka: "Alifunguliwa na nani?" Chini yake: "Saa ngapi?" Na kurasa nyingi mbele, katikati ya sura isiyohusiana kabisa na mlinzi, penseli ile ile: "Alifika nyumbani?"

Nilikasirika. Kurasa zote zile, njama zote zile, mtu anang'ang'ania mlinzi wa kurasa tatu! Nilipompigia simu nilikuwa nimejipanga kumweleza habari za wahusika wadogo na kazi zao katika riwaya. Hakubisha. Akasema tu, "Mwanangu, mimi nilimsubiri arudi. Sikumwona." Tukaagana.

Hapa kuna jambo la kujifunza kuhusu kujibu maoni, na nililipata kwa bahati, kwa sababu mwalimu alikata simu kabla sijaanza mhadhara. Ukimweleza msomaji ulichokusudia, atakubaliana nawe kwa adabu, na maoni yake ya kweli yatakuwa yamefia hapo. Kitabu kikishatoka hutakuwa unakwenda nyumba kwa nyumba kueleza ulichokusudia. Kwa hiyo sema asante, uliza "ukurasa wa ngapi?", andika, nyamaza. Hasira imalizie nyumbani.

Maoni ya pili yalikuwa mazito zaidi. Dada mmoja, msomaji hodari wa riwaya za mapenzi, alinirudishia nakala akiwa amefika sura ya nne. Nilidhani damu imemshinda. Ilikuwa sivyo.

"Sijakasirika," alisema. "Ila siendelei. Aliyenivamia mimi naye alikuwa na adabu. Aliniita mama. Akaniambia nisiogope, ataniachia nauli."

Nikakaa kimya.

"Na kweli aliniachia. Kila ninayemsimulia anacheka pale kwenye nauli. Wewe pia ungecheka."

Akaniambia tangu siku ile mtu asiyemjua akimsalimia kwa upole njiani, tumbo linamkata. Mkali hamtishi kiasi hicho. Mkali anajulikana alipo.

Yale maneno yalinifundisha kuhusu mhusika wangu kuliko vitabu vyote nilivyosoma kumjenga. Adabu ya Sultani nilikuwa nimeiandika kama tabia, kitu anachokuja nacho kutoka nyumbani. Kumbe ni kifaa cha kazi. Jambazi anayefoka humfanya mtu naye apige kelele, na kelele zinaleta majirani. Anayenong'ona anatiiwa. Kujua majina ya wajukuu wa mlinzi ni tishio lililovikwa salamu: najua wanaolala kwako. Maneno yalikuwa hayo hayo tangu rasimu ya kwanza, na mimi niliyeyaandika sikuyasikia hivyo mpaka nilipoambiwa na mtu aliyewahi kuwa upande wa kuyasikiliza.

Kwa upande wa vitendo: tangu hapo kila nakala ninayotoa ina karatasi ndogo mbele, mistari michache, inayosema ndani kuna uvamizi wa silaha, watu kufungwa kamba, na mauaji. Hakuna msomaji aliyelalamika kwamba nimemharibia uhondo. Wawili wamenishukuru na kukataa, na ni bora hivyo kuliko mtu kukutana nalo saa sita za usiku akiwa peke yake. Pia usimtafute mtu aliyeumizwa ili akupe maoni ya "aliyeumizwa". Akijitokeza mwenyewe, msikilize. Ukimwendea kwa sababu hiyo unamfanya shahidi wa bure, na kesi yenyewe ni yako.

Baada ya mwalimu na dada yule nilirudi kwenye historia nilizotumia kumjenga Sultani. Mara ya kwanza nilizisoma nikitafuta haiba. Safari hii nilisoma nikimtafuta mlinzi, na nilishangaa jinsi alivyo mgumu kupatikana.

Chukua John Dillinger, mwizi wa benki wa Marekani. Alipigwa risasi Julai 22, 1934 nje ya ukumbi wa sinema Chicago, na inasimuliwa kwamba watu walichovya leso kwenye damu yake wapate kumbukumbu. Jina lake linajulikana na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha historia ya Marekani. Sasa taja William O'Malley. Alikuwa polisi, aliuawa Januari 15 mwaka huo huo wakati benki ikiibwa East Chicago, Indiana. Dillinger alishtakiwa kwa mauaji hayo, akatoroka jela Machi kabla kesi haijasikilizwa, na kutoroka kwenyewe kukamwongezea sifa. O'Malley anabaki mstari mmoja katika masimulizi ya mtu mwingine.

Escobar yule yule wa nyumba za maskini, genge lake la Medellín ndilo lililobebeshwa lawama ya bomu lililolipua ndege ya abiria ya shirika la Avianca Novemba 27, 1989. Waliokuwemo wote 107 walikufa, na watu watatu chini. Nimewahi kuwauliza wapenzi wa hadithi za Escobar habari za ndege hiyo. Wengi wanakumbuka viboko aliowafuga.

Lakini kisa kilichonisaidia kiufundi hasa ni cha majambazi Bonnie Parker na Clyde Barrow. Kwa muda mrefu magazeti yaliwapamba: vijana, wapenzi, mbio za magari, picha ya Bonnie akiwa na sigara ya biri. Kisha Aprili 1, 1934, siku ya Pasaka, polisi wawili wa barabarani waliuawa na genge lao karibu na Grapevine, Texas. Mmoja wao, H. D. Murphy, alikuwa amekaribia kufunga ndoa. Mchumba wake alikwenda mazishini akiwa amevaa gauni la harusi. Habari zilienea, na huruma ya watu ikaanza kugeuka waziwazi. Kabla miezi miwili haijapita wawili hao nao walikuwa wameuawa Louisiana.

Nilikitafakari kisa hicho nikiwa na kalamu mkononi. Hakuna aliyehitaji kuwaambia wasomaji wa magazeti kwamba mauaji ni mabaya. Walilijua tangu zamani na bado walikuwa wakiwashangilia. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa upande wa pili aliyesogezwa karibu kiasi cha kuonekana amevaa nini.

Basi nikamwandikia mlinzi sura.

Hapo nilisaidiwa na msomaji mwingine, askari mstaafu, ambaye maoni yake yalikuwa mchanganyiko wa dhahabu na makapi. Makapi: alitaka mpelelezi awe shujaa, Sultani awe mwoga, na kitabu kiitwe kwa jina la mpelelezi. Dhahabu: nilipomwonyesha tukio la sigara hakucheka. Alisema, "Huyo mlinzi ndiye mshukiwa wangu wa kwanza. Jambazi hawashi sigara ya mtu asiyemfahamu."

Sikuwahi kuliwaza. Sura mpya ilijiandika yenyewe kutoka hapo. Mlinzi anakaa amefungwa mpaka alfajiri, anafunguliwa na mfanya usafi. Kamba imemkandamiza mishipa ya fahamu ya kiganja, kidole gumba na kile cha shahada vimekufa ganzi. Wapelelezi wanaona kichungi cha sigara sakafuni. Nani alikuwashia? Alijuaje majina ya wajukuu zako? Kwa nini hukupigwa hata kofi? Wema wa Sultani unageuka ushahidi dhidi ya mzee. Anaachishwa kazi bila kushtakiwa, kwa hiyo hana hata mahakama ya kumsafisha. Nyumbani anashindwa kufunga vifungo vya shati, mkewe anamfungia, na hakuna kati yao anayelizungumzia. Sultani hayumo kwenye sura nzima. Hajui. Huko aliko anaendelea kusimulia usiku ule kama mfano wa kazi safi.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Sura moja ikiingia katikati ya riwaya ya kusisimua, kila kilichopangwa nyuma yake kinateguka: tarehe, nani anajua nini, mwendo wa hadithi. Ilibidi nifute sura mbili nilizozipenda na kuandika upya karibu nusu ya kitabu. Kuna kipindi niliuficha muswada kwenye droo na kuwaambia watu nimepumzika. Nilikuwa nimechoka na nimeichukia kazi yenyewe. Panga muda wako ukijua hivyo. Maoni mazuri kweli hayarekebishwi kwa wikiendi moja. Yanayorekebishwa kwa wikiendi moja mara nyingi ni ya nukta na koma.

Nilipoirudisha kwa wasomaji, yule kijana wa ujumbe wa sauti alininunia. "Kaka, umeniharibia mtu wangu." Alisema mwendo umepungua, na alisema kweli, ulikuwa umepungua, nikakata kurasa kadhaa za hospitali. Alisema pia sura ile aliiruka. Lakini katikati ya malalamiko akachomoza jambo: tangu hapo, kila Sultani anapomwashia mtu sigara, yeye kijana anajikuta anaangalia mikono ya huyo mtu. Alilisema kwa kunung'unika. Kwangu ilitosha. Bado anampenda Sultani, bado ananisalimia kwa kauli yake. Sikukusudia amchukie. Nilitaka akimpenda ajue kuna nani mwingine chumbani.

Katika miezi hiyo niliona kwamba wasomaji ni mahodari wa kuonyesha panapouma na si mahodari sana wa kutibu. Askari alihisi mpelelezi ni mwepesi. Dawa yake ilikuwa kumfanya shujaa. Ugonjwa ulikuwepo kweli, mpelelezi alikuwa karatasi tupu. Dawa niliyoitumia ni nyingine: nikampa uchovu, na tabia ya kusahau chakula chake mezani, na nikamwacha akosee kuhusu mlinzi. Msomaji mwingine alisema Sultani ana mvuto kupita kiasi, nimpunguzie uzuri wa uso. Kumpaka matope kusingesaidia kitu. Nikaongeza watu wanaomwogopa ambao hawasemi. Kwa hiyo ukipokea maoni, yagawe: tatizo lipo wapi, na suluhisho analopendekeza. Sehemu ya kwanza iheshimu karibu siku zote, hasa kama watu wawili wasiojuana wamegusa ukurasa ule ule. Ya pili isikilize tu.

Kuhusu ndugu. Usiwape ndugu muswada wa jambazi isipokuwa una moyo wa chuma, maana watatafuta humo nani ni nani. Shangazi yangu alimtambua marehemu mjomba ndani ya Sultani kwa sababu ya suti tu. Ila simdharau kila shemeji mwenye maoni. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba mpelelezi Sherlock Holmes, alikuwa na shemeji yake, E. W. Hornung, aliyekuwa na wazo la kuandika visa vya mwizi mungwana aitwaye Raffles. Doyle alimwonya kwamba haifai kumfanya mhalifu kuwa shujaa. Hornung aliandika hivyo hivyo, kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1899, na akakitabaruku kwa Doyle mwenyewe. Nilipokisoma kisa hicho nilicheka sana, kisha nikajiuliza ningefanya nini. Nadhani ningeandika pia. Lakini onyo ningelibandika ukutani.

Mikutano ya wasomaji nayo ina mitego yake. Niliwahi kuwakusanya waliosoma ili wazungumze pamoja, nikidhani nitavuna zaidi. Mtu wa kwanza kuzungumza alikuwa msemaji mzuri, akamsifia Sultani kwa mifano na vichekesho, na waliomfuata wote wakaanza na "kama alivyosema mwenzangu". Mama mmoja aliyekuwa ameniandikia kabla kwamba kitabu kinamtia wasiwasi alikaa kimya mpaka mwisho. Mwenye haiba alikuwa ametuteka hata pale, na safari hii hakuwa ndani ya kitabu. Ukitaka kikao, kusanya kwanza maoni ya kila mtu kwa maandishi, yasome peke yako, ndipo muitane. Na kaa nje ya mazungumzo, ukiweza ondoka kabisa na umwachie mwingine aandike. Mbele ya mwandishi watu huwa wema.

Maswali ya kuuliza nayo yana uzito. "Umekipenda?" halina faida, litakuletea "ndiyo" na kikombe cha huruma. Niliyobaki nayo ni haya: uliweka kitabu chini wapi, na ulikirudia baada ya muda gani? Nani alikutia hofu? Ukurasa gani ulicheka, na ukimsimulia mtu aliyewahi kuibiwa utacheka naye? Hilo la mwisho nalipenda, ingawa linawakera wengine. Kisha, baada ya wiki kadhaa, bila kutangaza, ninauliza: nitajie watu unaowakumbuka. Katika rasimu ya kwanza orodha ilikuwa Sultani, dereva wake, mpenzi wake. Mlinzi hakutajwa na yeyote isipokuwa mwalimu. Katika rasimu ya sasa anatajwa wa pili au wa tatu. Hicho ndicho kipimo changu, nakiamini kuliko nyota za kusifia.

Mwisho wa riwaya ulizua ubishi mrefu kuliko yote. Awali Sultani alikufa kwa risasi, kwenye ngazi, akiwa na kauli nzuri mdomoni. Nilidhani hapo nimewaridhisha wote: wapenzi wake wamepata machozi, wapinzani wamepata adhabu. Ni hesabu ya zamani. Hollywood ilipojiwekea kanuni za maadili mwaka 1930, na kuanza kuzisimamia kwa ukali 1934, zilitaka huruma ya mtazamaji isielekezwe upande wa uhalifu, na njia rahisi ya kutii ilikuwa jambazi afe kabla ya taa kuwaka. Mtazamaji alikuwa ameshakaa zaidi ya saa nzima akimhusudu. Mwalimu alimaliza ubishi kwa penseli yake, kwenye ukurasa wa mwisho: "Amekufa vizuri mno."

Nikamgeukia Capone tena, safari hii mwisho wake. Oktoba 1931 alitiwa hatiani kwa kukwepa kodi, akahukumiwa miaka 11, kazi iliyofanywa na watu wa vitabu vya hesabu. Alitoka 1939 akiwa ameharibiwa na kaswende, akili imepungua, akafa Januari 1947 nyumbani kwake Florida. Sultani wangu sasa hafi kwa risasi. Anazeeka, anashtakiwa kwa jambo dogo la makaratasi, na katika korido ya mahakama anamsalimia karani kwa upole ule ule na kumuulizia mtoto wake kwa jina. Jina si lenyewe. Karani anamtazama, anaendelea na kazi.

Wasomaji wamegawanyika. Kijana anasema nimemdhalilisha. Askari anasema afadhali. Dada aliyeishia sura ya nne hajasoma na sijamuuliza.

Kuna maoni niliyoyakataa moja kwa moja na sijutii: kuongeza aya ya kuonya vijana, kumfanya Sultani atubu, kumpa utoto wa mateso ili aeleweke, na kubadilisha kitabu kizima kisimuliwe na mpelelezi. La utoto lilirudiwa na wengi, kwa hiyo nililitazama kwa makini. Walichokuwa wakikitafuta ni ruhusa ya kumpenda bila kujisikia vibaya, na ruhusa hiyo sikuwa tayari kuitoa.

Sasa muswada uko kwa mhariri wa kampuni ya vitabu. Ameupenda, na barua yake ndefu inaomba jambo moja kubwa: sura ya mlinzi ipunguzwe kwa nusu kwa sababu inachelewesha wizi unaofuata. Nimekubali kuondoa kikao cha meneja na aya kadhaa za msafara wa kutafuta dawa. Mahojiano kuhusu kichungi cha sigara nimeyakatalia, na nimemtumia nakala za kurasa zenye penseli ya mwalimu ili aone yalikotoka. Amejibu kwamba mwalimu si mnunuzi wa kawaida wa riwaya za uhalifu. Nimemwandikia kwamba kijana wa ujumbe wa sauti ndiye mnunuzi wa kawaida, na siku hizi anaangalia mikono. Tunaendelea kuvutana.